Darasa la sita na la saba kumaliza pamoja 2027, mzazi umejiandaaje?

Chukua mfano wa nyumba yenye watoto wawili waliopishana darasa moja. Mwaka huu wa 2026 mkubwa yuko darasa la sita, mdogo yuko la tano. Wazazi wao wamejipanga kama wazazi wengi wanavyofanya: mkubwa aingie kidato cha kwanza, anunuliwe sare, madaftari na begi, kisha wapumue mwaka mmoja kabla ya kuanza kumhangaikia mdogo.

Mwaka huo wa kupumua haupo. Mwishoni mwa 2027 watoto hao watamaliza elimu ya msingi pamoja, mkubwa akiwa darasa la saba na mdogo akiwa la sita. Januari 2028 wote wawili wanatarajiwa kuanza kidato cha kwanza.

Wazazi wengi wamesikia kwamba “darasa la saba linafutwa”. Wasichokijua ni kwamba mabadiliko hayo yanamgusa nani, lini, na yanadai nini nyumbani.

Kilichobadilika

Chanzo ni Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua rasmi jijini Dodoma mwanzoni mwa 2025. Sera hiyo inaweka elimu ya lazima kuwa miaka 10, yaani sita ya shule ya msingi na minne ya sekondari, kidato cha kwanza hadi cha nne. Kabla ya shule ya msingi, mtoto anasoma mwaka mmoja wa elimu ya awali.

Maana yake ni kwamba shule ya msingi si tena mwisho wa safari kwa mtoto yeyote. Chini ya utaratibu wa zamani, mtihani wa darasa la saba ndio uliochuja nani aendelee na nani abaki nyumbani. Sasa lengo ni kila mtoto afike kidato cha nne.

Mtaala mpya ulioandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) haukuingia madarasa yote kwa mkupuo. Januari 2024 ulianza na elimu ya awali, darasa la kwanza na la tatu, na tangu hapo unapanda na watoto hao mwaka hadi mwaka. Ndiyo sababu leo, ndani ya shule moja, madarasa ya juu yanafuata njia ya zamani na ya chini yanafuata mpya.

Zanzibar ina utaratibu wake wa elimu ya msingi. Maelezo haya yanahusu Tanzania Bara.

Mtoto wako yuko kundi gani?

Hesabu ni rahisi ukianza na darasa alilopo mwaka huu wa 2026.

Aliye darasa la saba anamaliza mwaka huu kwa utaratibu wa zamani.

Aliye darasa la sita ataingia la saba mwaka 2027. Hawa ndio wa mwisho kusoma miaka saba.

Aliye darasa la tano atamaliza 2027 akiwa la sita. Hawa ndio wa kwanza kusoma miaka sita.

Aliye darasa la nne atamaliza 2028, wa la tatu 2029, wa la pili 2030 na wa la kwanza 2031. Wote watamalizia darasa la sita.

Hapa kuna jambo la kuangalia kwa makini. Mzazi anayefikiria mtoto wake wa darasa la sita akariri darasa mwakani ajue kwamba mtoto huyo atajikuta kwenye darasa la sita la mtaala mpya, akikaa na wenzake waliosoma masomo tofauti na yake kwa miaka mitatu. Kabla ya kuchukua uamuzi huo, zungumza na mwalimu wa darasa na mwalimu mkuu.

Vitabu vya kaka havimtoshi mdogo

Katika familia nyingi vitabu hurithishwa. Mkubwa akimaliza, mdogo anapokea. Kwa kundi hili urithi huo una kasoro.

Aliye darasa la sita leo anasoma Maarifa ya Jamii, na Uraia na Maadili. Mdogo wake wa la tano hana masomo hayo. Yeye ana Historia ya Tanzania na Maadili, Jiografia na Mazingira, pamoja na Sanaa na Michezo. Hata yale yenye majina yaliyozoeleka, kama Hisabati na Kiswahili, yana vitabu vyake vya mtaala mpya.

Kabla ya kununua kitabu dukani au kwa muuzaji wa vitabu vya mkononi, hakikisha ni cha mtaala mpya. Mzazi mwenye simu anaweza pia kuvisoma vitabu vya TET kupitia Maktaba Mtandao ya taasisi hiyo bila malipo, na kumfungulia mtoto sura anayoisoma wiki hiyo.

Usishangae pia mtoto akirudi na kazi ya kupima bustani kwa hatua, kuchora ramani ya mtaa au kumuuliza bibi historia ya ukoo. Mtaala huu unataka mtoto aoneshe anachoweza kufanya, si kukariri majibu pekee. Kazi hiyo akiifanya mzazi ili ipendeze, mtoto hajajifunza kitu.

Kundi lenye miaka michache ya Kiingereza

Sekondari masomo hufundishwa kwa Kiingereza, na hapa ndipo watoto walio la nne na la tano sasa wanahitaji jicho la ziada, hasa wanaosoma shule zinazofundisha kwa Kiswahili.

Mtaala mpya unaanza Kiingereza darasa la kwanza. Aliyeanza nao darasa hilo mwaka 2024, ambaye sasa yuko la tatu, atakuwa amejifunza lugha hiyo kwa miaka sita kabla ya kwenda sekondari. Kaka zake wa utaratibu wa zamani walianza darasa la tatu na kumaliza la saba, hivyo walipata miaka mitano.

Watoto wa katikati walisoma darasa la kwanza na la pili kwa mtaala wa zamani, wakaanza Kiingereza darasa la tatu, na watamaliza la sita. Wao wanapata miaka minne tu.

Si lazima mzazi ajue Kiingereza ili asaidie. Dakika 15 kila jioni za mtoto kusoma ukurasa mmoja kwa sauti, kuandika maneno matano mapya na kuyatungia sentensi zinatosha kuanzia. La msingi zaidi ni kujua kama anasoma Kiswahili vizuri. Mtoto wa darasa la tano anayesoma Kiswahili kwa kudonoa silabi hatakiweza kitabu cha Kiingereza cha kidato cha kwanza, na mwaka wa saba wa kujikosolea hana tena.

Kidato cha kwanza akiwa na miaka 12

Mtoto anayeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 6 alikuwa akiingia kidato cha kwanza na miaka 13. Sasa ataingia na miaka 12. Mwaka mmoja unaonekana mdogo, lakini kiafya unaangukia katikati ya balehe.

Kwa kawaida mabadiliko ya balehe huanza kati ya miaka 8 na 13 kwa wasichana, na kati ya miaka 9 na 14 kwa wavulana. Wasichana wengi huvunja ungo wakiwa na miaka 12 au 13. Kwa hiyo binti anaweza kupata hedhi ya kwanza katika wiki zilezile anazozoea shule mpya, walimu wapya na njia mpya ya kwenda shule.

Mazungumzo ambayo mama, shangazi au baba alipanga kuyafanya “akifika sekondari” yarudishwe nyuma, yafanyike akiwa darasa la nne au la tano. Binti ajue hedhi ni nini, taulo ya kike inavaliwaje na amwambie nani ikimkuta darasani. Mvulana naye aelezwe kuhusu ndoto nyevu na kubadilika kwa sauti. Wote wafundishwe kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kuwashika miili yao, awe jirani, dereva wa bodaboda au mwalimu.

Suala la pili ni umbali. Shule ya msingi mara nyingi iko mtaani au kijijini, ya sekondari inaweza kuwa mbali zaidi. Mzazi aipite njia hiyo mapema kwa miguu, asubuhi ileile mtoto atakayopita. Aone kama kuna pori, mto au barabara kubwa, na watoto gani wa jirani wanaweza kuongozana naye. Anayefikiria bweni ajiulize kwanza kama mtoto wa miaka 12 anaweza kufua nguo zake, kutunza vitu vyake na kusema anapoumwa.

Mfuko wa nyumbani na nafasi shuleni

Shule za sekondari za Serikali hazitozi ada, lakini sare, viatu, madaftari, nauli na chakula vinabaki mikononi mwa familia. Kwa nyumba yenye watoto wa darasa la tano na la sita, gharama hizo zitakuja mara mbili katika Januari moja. Anayeweka kidogo kidogo kwenye kikoba au kibubu kuanzia sasa ana muda wa kutosha kuliko atakayekumbuka Desemba 2027.

Vyumba vya madarasa navyo vitapokea vidato vya kwanza viwili kwa wakati mmoja. Swali la madawati, vyoo na walimu liulizwe kwenye vikao vya wazazi na mikutano ya mtaa mwaka huu.

Tena, sekondari sasa ina mikondo miwili, elimu ya jumla na elimu ya amali, inayompa mwanafunzi ujuzi wa kazi kama ufundi au kilimo pamoja na masomo ya msingi. Mtoto anayependa kufungua redio na kuifunga tena asiambiwe kwamba amali ni ya walioshindwa.

Leo jioni mwombe mtoto akuletee madaftari yake. Hesabu masomo, soma majina yake, kisha mpe kitabu asome aya moja kwa sauti. Ndani ya dakika chache utajua yuko njia ipi, na amebakiza kazi kiasi gani kabla ya Januari 2028.