Nesi wa Nusukaputi Anaposaka Mdhamini Ng'ambo

Nesi wa nusukaputi wa Machakos akitafuta kwenye simu wenzake wa Marekani wanalipwa nini, atakutana na tarakimu ya kutia kiwewe. Takwimu za serikali ya nchi hiyo za mwaka 2023 zinaweka mshahara wao juu ya dola 200,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni 25 za Kenya. Swali la mdhamini huanzia hapo: nani atamwandikia barua ya kazi, amshughulikie viza, amlipie tiketi? Mawakala wa mitandaoni nao humvizia papo hapo, wakimwahidi "viza ya nesi wa nusukaputi" mradi atume ada ya usajili kwa simu.

Viza hiyo haipo.

Ili muuguzi aruhusiwe kutoa nusukaputi Marekani, lazima awe amehitimu katika programu iliyoidhinishwa na baraza la huko linalosimamia mafunzo hayo, kisha apite mtihani wa kitaifa. Programu zenye idhini hiyo ziko Marekani na Puerto Rico pekee. Tangu Januari 2022, kila mwanafunzi mpya husomea shahada ya udaktari, kwa muda usiopungua miaka 3, na hapokelewi kabla hajafanya kazi angalau mwaka mzima katika wodi ya wagonjwa mahututi. Cheti cha Kenya hakimfikishi mtu kwenye mtihani huo, hata kiwe kizuri namna gani.

Na si cheti cha kubezwa. Mwaka 2007 hospitali ya AIC Kijabe, ukingoni mwa Bonde la Ufa, ilianza kuwafundisha wauguzi waliosajiliwa kazi ya nusukaputi kwa miezi 18, ikisaidiwa na madaktari wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Wahitimu walitawanyika katika hospitali za misheni na za kaunti, ambako daktari bingwa wa nusukaputi ni adimu. Usiku analetwa mama anayehitaji upasuaji wa haraka ili mtoto aokolewe. Nesi anamkalisha, anamwinamisha, anatafuta nafasi kati ya mifupa ya mgongo na kudunga. Dakika chache baadaye presha inaanza kushuka, naye dawa ya kuipandisha ameshaivuta kwenye sindano. Kwa mgonjwa mwingine aliyelazwa usingizi mzito, umeme ukipotea, nesi huyo huminya mfuko wa hewa kwa mkono hadi jenereta iwake. Mtu aliyefanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa ana haki ya kuumia anapoambiwa kwamba ujuzi wake hautambuliki ng'ambo.

Njia iliyopo Marekani ni kwenda kama muuguzi wa kawaida. Hapo udhamini ni wa kweli. Hospitali, au kampuni inayoajiri kwa niaba yake, humwombea nesi ukaazi wa kudumu katika kundi la viza linaloitwa EB-3. Wauguzi wamo kwenye orodha ya taaluma ambazo serikali ya huko imekwisha kukiri kuwa zina upungufu, kwa hiyo mwajiri halazimiki kuthibitisha kwamba amewatafuta Wamarekani akawakosa. Nesi mwenyewe anatakiwa apite NCLEX, yaani mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani, apite mtihani wa Kiingereza, kisha apate cheti cha VisaScreen kinachothibitisha kwamba masomo na leseni yake ni halali. Maafisa wa kliniki waliosomea nusukaputi katika chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, ambao ni wengi katika thieta za kaunti, hawana hata mlango huu. Kada yao haipo Marekani, na NCLEX ni mtihani wa wauguzi tu.

Kinachowachosha wengi ni makaratasi. Chuo ndicho kinachotuma matokeo, moja kwa moja; mwombaji hawezi kuyabeba mkononi. Baraza la Wauguzi la Kenya nalo hutuma uthibitisho wa leseni, na leseni iliyokwisha muda hukwamisha kila kitu. Cheti cha tabia njema cha idara ya upelelezi, DCI, hulipiwa shilingi 1,050 kupitia eCitizen, na alama za vidole zinaweza kuchukuliwa Huduma Centre ya Machakos bila safari ya Nairobi. Kisha kuna majina. Cheti cha KCSE kinasema Mwikali, kitambulisho kinaongeza jina la ubatizo, pasipoti imebeba jina la mume. Machoni pa karani wa ng'ambo hao ni watu watatu. Ni heri hati ya kiapo itafutwe mapema kuliko faili kurudishwa baada ya miezi mingi.

Baada ya hapo ni foleni. Viza za ukaazi wa kikazi ni takriban 140,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, na fungu la EB-3 ni kama 40,000, wakihesabiwa pia wake, waume na watoto. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa kila mwezi taarifa inayoonyesha ni waombaji wa tarehe gani wamefikiwa. Wakala anayeahidi safari "ndani ya miezi mitatu" hana uwezo wa kuisogeza tarehe hiyo hata kwa siku moja.

Mkataba nao unataka kusomwa hadi ukurasa wa mwisho, hasa kifungu cha adhabu kwa anayeacha kazi mapema. Mwaka 2019 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini New York aliamua kwamba adhabu ya dola 25,000 waliyowekewa wauguzi Wafilipino waliopelekwa kwenye nyumba za kutunza wazee ilikuwa kinyume cha sheria dhidi ya kazi za kulazimishwa. Wauguzi hao walikuwa wamefika kwa udhamini halali kabisa, wa aina hii hii.

Uingereza ina utaratibu wake. Julai 2021 Kenya ilitia saini makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya, na mwaka huo huo waziri wa afya Mutahi Kagwe akasema kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 tu walipita. Kundi la kwanza liliondoka Juni 2022 kwenda hospitali za Oxford. Uingereza imeruhusu Wakenya waajiriwe kupitia makubaliano hayo ya serikali, na kanuni zake zinakataza wakala kumtoza muuguzi ada ya kumtafutia kazi. Anayeombwa pesa ya "kununua udhamini" hapaswi kulipa. Huko pia nesi hatoi nusukaputi peke yake; atakuwa msaidizi wa daktari, au atapangiwa wodi. Katika nchi za Ghuba nako, baada ya vyeti kuhakikiwa na mtihani kufanywa, mara nyingi nafasi inayotangazwa ni ya fundi wa nusukaputi anayemsaidia daktari.

Mwajiri anayetafuta ujuzi huu kwa jina lake ni Madaktari Wasio na Mipaka, MSF. Shirika hilo huajiri wauguzi wa nusukaputi kwa ajili ya timu zake za upasuaji kwenye maeneo ya vita na maafa, na viza hushughulikiwa na shirika lenyewe. Malipo hayakaribii ya Marekani na kazi ina hatari zake, lakini nesi huingia thieta akifanya kile alichosomea. Ajabu ni kwamba mlango huu hautajwi sana na wanaouza ndoto za safari.

Nyumbani, pengo la anayeondoka linaonekana upesi. Hospitali ya Machakos Level 5 hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka kaunti nzima, pamoja na majeruhi wa barabara kuu ya Mombasa, na pasipo mtu wa nusukaputi daktari wa upasuaji hawezi kushika kisu. Hata hivyo, kumlaumu nesi ni kumwonea. Wahudumu walioajiriwa kwa mkataba mwaka 2020 chini ya mpango wa afya kwa wote walikuwa bado barabarani mwaka 2025 wakidai ajira ya kudumu. Kaunti inayotaka kubaki na watu wake wa thieta ianze na ajira ya kudumu na mshahara unaolipa miezi ile 18 ya ziada.

Aliyeamua kwenda anaweza kuanza leo bila kumlipa wakala yeyote. Mwenye diploma atahitaji shahada ikiwa bado anaitaka ile kazi ya dola 200,000. Zamu katika wodi ya mahututi zinafaa, ingawa vyuo vingi vya Marekani vitataka apate uzoefu huo huko kwao. Na daftari la kazi za thieta lijazwe kila zamu: tarehe, aina ya upasuaji, aina ya nusukaputi, matatizo yaliyotokea, sahihi ya msimamizi. Wakala akijitokeza, jina la kampuni yake litafutwe kwanza kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, ambayo ndiyo inayotoa leseni kwa wanaopeleka Wakenya kazini ng'ambo.