Sheria inayoweza kuzima filamu za kupinga vita

MMILIKI wa kibanda cha video mjini Migori au Homa Bay anaweza kuonyesha sinema ya Kimarekani yenye mizinga na maiti tele, mradi ana leseni na filamu imeidhinishwa. Mambo huwa magumu kazi ya sanaa inapouliza ni nani aliyeanzisha vita, na kwa faida ya nani.

Mamlaka ya kuzuia yamo katika Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyotungwa mwaka wa 1962 chini ya ukoloni. Kwa mujibu wake, anayeomba leseni ya kutengeneza filamu huwasilisha maelezo ya maonyesho na maneno yatakayotamkwa. Nayo Bodi ya Uainishaji wa Filamu (KFCB) haipaswi kuidhinisha kazi inayoweza kuvuruga utulivu wa umma. Kigezo hicho ni kipana mno. Karibu kila kilio dhidi ya vita kinaweza kuingizwa humo.

Ajabu ni kwamba Katiba ya 2010, kifungu cha 33, inalinda ubunifu wa kisanii na kuunyima ulinzi uchochezi wa vita. Anayepaswa kuhofu, basi, ni mpiga ngoma ya vita.

Kenya haiko peke yake. Ujerumani ilipiga marufuku 'All Quiet on the Western Front' Desemba 1930, baada ya wafuasi wa Hitler kuvuruga maonyesho jijini Berlin. 'Paths of Glory' ya 1957, kuhusu wanajeshi wa Ufaransa waliouawa na wakuu wao wenyewe, haikuonyeshwa nchini humo hadi 1975.

Humu nchini, kisa kilicho karibu zaidi ni cha jukwaani. Shule za Migori na Homa Bay hushindana katika tamasha la kitaifa la drama na filamu, lile lile lililozua mzozo Aprili 2025 kuhusu 'Echoes of War', mchezo wa wasichana wa Butere unaosimulia ufalme uliotoka vitani na vijana wasiowaamini tena viongozi. Mchezo huo ulikuwa umeondolewa mashindanoni. Mahakama Kuu ikaamuru urejeshwe. Hata hivyo, mwandishi wake, aliyekuwa seneta wa Kakamega Cleophas Malala, alizuiliwa na polisi, na mjini Nakuru vitoza machozi vikarushwa. Wasichana hao waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza.