Pakiti Inasema Mwaka Mmoja

Geuza pakiti yoyote ya mbegu za maua usome nyuma yake. Nyingi zinazofika Sotik zimeandikwa kwa ajili ya bustani za Ulaya, na sharti la kwanza huwa lile lile: subiri jalidi ya mwisho ipite ndipo usie. Mtu wa Kaplong ataisubiri jalidi gani? Huku inajulikana kwenye mabonde machache ya chai, asubuhi moja moja za kiangazi, na aliyewahi kuiona ni yule aliyekuta majani yake yameungua kana kwamba yamemwagiwa maji moto. Bustani ya nyumbani haiijui.

Chini ya sharti hilo kuna maneno mengine, "ua la mwaka mmoja", na hayo huwapotosha watu zaidi kwa sababu yanaonekana kuwa kweli popote. Nimeona bustani ambamo mwenyewe aling'oa mimea iliyokuwa bado na miaka mbele yake, kisha akaendelea kumwagilia mingine iliyokwisha kumaliza safari, akiamini yote ni ya namna moja. Jina ni moja, lakini ndani yake mna tabia mbili.

Kundi la kwanza linafanana na mahindi. Zinia, kosmosi, marigoldi na alizeti huota, huchanua, hutoa mbegu, halafu hufa, na kifo hicho kimo ndani ya mbegu tangu mwanzo. Hakuna mkulima anayetarajia bua la hindi lililokauka lichipue tena kwa kuwa mvua imerudi. Huku kwetu mzunguko huo humalizika kwa miezi minne hadi sita hivi, kwa hiyo hata huo "mwaka" ni ukarimu wa pakiti. Mmea hauhesabu miezi. Unachongoja ni mbegu zake zikomae. Ukikata kila ua linaloanza kunyauka kabla halijafunga mbegu, mmea hujaribu tena, na tena, ukapata wiki nyingi za maua ambazo jirani yako hazipati. Mchuna chai anaelewa jambo la karibu na hili bila kufundishwa: akichukua majani mawili na chipukizi, kichaka hutoa machipukizi mengine. Zinia ikifika kimo cha shibiri moja ikate ncha. Itatoa matawi pembeni badala ya kusimama kama mlingoti wenye ua moja juu.

Kundi la pili ni la petunia, salvia nyekundu na impatiensi. Hizi kwao huishi miaka. Petunia ilitoka Amerika Kusini, salvia nyekundu Brazili, na Ulaya huitwa za mwaka mmoja kwa sababu baridi ya huko huziua kabla ya Krismasi. Sotik hakuna wa kuziua. Salvia iliyochoka, ikipunguzwa hadi nusu ya kimo chake na kuwekewa mboji, hurudi. Anayeing'oa mwezi wa 12 kwa kutii pakiti anatekeleza hukumu ya majira ya baridi ya nchi nyingine.

Impatiensi ndiyo inayonichekesha. Ni mmea wa Afrika Mashariki, wa misitu yenye unyevu kuanzia Kenya kushuka hadi Msumbiji. John Kirk, daktari aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Unguja, aliupeleka kwenye bustani ya Kew, na mwaka 1882 Joseph Hooker akautangaza kwa jina Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Baadaye ikaonekana kuwa ni mmea ule ule aliokuwa ameuandika Hooker mwenyewe mwaka 1868 kwa jina Impatiens walleriana, na jina hilo la zamani ndilo linalotumika leo. Neno la Kilatini maana yake ni asiye na subira: tunda lake likiiva, guso dogo tu linalipasua na mbegu zinaruka. Sasa mmea huo unaturudia katika pakiti yenye picha inayong'aa, ukiwa umepewa cheo cha ua la mwaka mmoja. Upande chini ya varanda, upande usiopigwa na jua la mchana, na usishangae ukiukuta pale pale mwaka wa tatu.

Kuna jambo jingine ambalo pakiti haiwezi kulijua, nalo ni saa. Sotik iko kusini mwa ikweta kwa chini ya digrii moja, hivyo mchana wetu ni wa takriban saa 12 mwezi wa 1 na takriban saa 12 mwezi wa 7. Mimea mingi hupima urefu wa usiku ili kujua wakati wa kuchanua. Kosmosi hungoja usiku mrefu. Ulaya, ikisiwa mwezi wa 4, hukaa ikirefuka hadi siku zianze kupungua. Kwetu inakuta usiku wa kutosha tangu siku ya kwanza, kwa hiyo huchanua mapema, mara nyingi ikiwa fupi kuliko pakiti ilivyoahidi. Ukipata kosmosi ya kiunoni badala ya ile ya kifuani, usilaumu udongo wako.

Zile zinazongoja mchana mrefu huteseka. Niliwahi kusia asta ya Kichina, ua zuri sana kwenye picha. Ilikaa imelala chini kama sukuma wiki iliyokanyagwa na ndama, mwezi baada ya mwezi, nikaiongezea samadi, nikaiongezea maji, nikaihamisha. Mwishowe ilitoa viua vitatu vya shingo fupi, kwa shingo upande. Ilikuwa ikisubiri mchana wa saa 14 au zaidi, ambao haujawahi kufika kaunti yetu ya Bomet. Wakulima wa maua ya kuuza nje hutatua jambo hilo kwa kuwasha taa usiku juu ya mimea ya aina hiyo. Mimi bili ya stima ya nyumbani inanitosha.

Basi kabla ya kununua, swali linalofaa kuliko yote ni hili: ua hili kwao ni wapi? Zinia, kosmosi na marigoldi kubwa zilitoka Meksiko, nchi yenye nyanda za juu za joto la wastani, ambako mvua huja na jua kali. Jiji la Mexico liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, juu kidogo kuliko sisi. Zinia ilipewa jina na Linnaeus kwa kumkumbuka Johann Gottfried Zinn, profesa Mjerumani aliyefariki mwaka 1759, lakini ua lenyewe halina Ujerumani ndani yake. Na anayetaka ushahidi kwamba ukoo wa marigoldi unapenda nyanda zetu, amwulize yeyote anayepalilia mahindi: gugu lile refu lenye harufu kali, Tagetes minuta, ni ndugu yake wa damu.

Wakati wa kusia hapa huamuliwa na mvua. Watu wengi husia mwezi wa 3 kwa mazoea ya mahindi, na maua yao huchanua katikati ya mvua kubwa za mwezi wa 5, petali zikigandamana kama karatasi ya choo iliyolowa. Napendelea kusia katikati ya Septemba. Miche hupata mvua za Oktoba na Novemba za kukulia, kisha zinia na marigoldi huchanua Desemba jua linapotawala, wakati watoto wamerudi kutoka Nairobi na vijana wanatoka jandoni na nyumba inahitaji rangi. Hesabu siku 80 hadi 90 tangu kusia. Pakiti itasema 60 au 70, lakini usiku wetu huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10 na kila kitu huchelewa kidogo.

Kitalu usinunue. Sotik ni nyumbani kwa kiwanda cha maziwa, na pakiti tupu ya nusu lita, iliyokatwa juu na kutobolewa chini mara tatu au nne, ni chombo bora cha mche mmoja. Jaza mchanganyiko wa udongo mwekundu, mboji iliyooza vizuri na mchanga, uliopitishwa kwenye chekeche. Siku moja kabla ya kusia umwagie maji yanayochemka. Hilo ni kwa ajili ya kinyausi, ugonjwa wa vimelea vya udongoni unaokata mche mchanga pale shingo inapogusana na ardhi: jioni uliacha miche 40 imesimama, asubuhi imelala kama iliyofyekwa. Kinyausi hupenda udongo uliolowa, miche iliyobanana na hewa isiyotembea, kwa hiyo mwagilia asubuhi, si jioni, na ukubali kung'oa miche iliyozidi ingawa roho inauma.

Kina cha kusia kinategemea unene wa mbegu: ifunike kwa udongo wa mara mbili au tatu ya unene wake. Mbegu ya zinia ni kama kipande cha ganda la mtama, na gramu moja ina mbegu 100 na kitu. Gramu moja ya petunia ina takriban mbegu 10,000. Ni vumbi. Mwaka wa kwanza nililifunika vumbi hilo kwa udongo wa unene wa kidole, nikasubiri wiki sita, nikamlaumu muuzaji. Petunia huhitaji mwanga ili iote. Huchanganywa na mchanga mkavu, hunyunyizwa juu, hugandamizwa kwa kiganja na kufunikwa kwa kioo au nailoni inayopenyeza mwanga. Muuzaji yule sijamwomba radhi hadi leo.

Mbolea ndiyo inayoharibu maua mengi kuliko wadudu. Karibu kila nyumba ya mkulima wa chai ina mabaki ya gunia la NPK 26:5:5, na kishawishi cha kuchota konzi moja kuipelekea kosmosi ni kikubwa. Namba ile ya kwanza, 26, ni nitrojeni, na nitrojeni ni chakula cha jani. Chai huvunwa jani, kwa hiyo mbolea ile imetengenezwa sawasawa kwa kazi yake. Kosmosi ikila hivyo hugeuka kichaka kibichi kinachokushinda kimo na kukunyima ua. Mbolea ile pia huongeza uchachu wa udongo, na udongo wetu tayari ni mchachu: chai hupenda pH ya 4.5 hadi 5.5, lakini maua mengi ya msimu hutaka 6 au zaidi kidogo. Ikiwa tuta lako lilikuwa la chai zamani, nyunyiza majivu ya kuni ya jikoni, konzi mbili hivi kwa mita ya mraba, uyachanganye na udongo wiki chache kabla ya kupandikiza. Na usipande karibu na mikaratusi. Mizizi yake itafika kwenye maji kabla ya yako.

Maadui wengine nitawataja kwa haraka. Sota, viwavi wanaokata shingo za miche usiku, huzuiliwa kwa kola ya karatasi ngumu kuzunguka mche. Ubwiri unga huja kwenye majani ya zinia mwisho wa msimu. Ili kuupunguza, panda kwa nafasi ya sentimita 30. Mvua ya mawe, ambayo nchi hii ya chai inaijua kuliko sehemu nyingi za dunia, haina dawa, ila zinia iliyovunjwa kichwa hutoa matawi, kwa hiyo usiing'oe siku ile ile kwa hasira. Kuku ni mbaya kuliko wote hao wakiwekwa pamoja. Bila uzio wa matawi, usianze.

Kogo mmoja, yaani nyanya, jirani yangu, huja kusimama kando ya tuta langu akiwa na kibuyu chake cha mursik, maziwa ya mgando, na kuuliza swali lile lile: "Mwanangu, hili ua hununuliwa na nani?" Ana haki. Katika ujana wake ua lililojulikana hapa lilikuwa pareto, lililochumwa, likakaushwa na kupelekwa kuuzwa kwa kilo, likasomesha watoto. Ua lisilo na mnunuzi kwake ni mchezo. Hata hivyo juzi aliniomba mche mmoja wa zinia, ule mwekundu, akasema ni wa mjukuu.

Nitampa na mbegu, mradi si za chotara. Pakiti ikiandikwa F1, mbegu utakazovuna zitatoa mimea isiyofanana na mama yake, mingine mirefu, mingine ya rangi iliyofifia. Zisizo chotara huendelea vizuri, ingawa zinia za rangi tofauti zikikaa jirani nyuki watazichanganya. Na ukiwa na ndugu Minnesota anayetaka kukutia mbegu kwenye bahasha, mwambie angoje: mbegu za kutoka nje zinahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, kabla hazijaingia nchini, kwa sababu ugonjwa husafiri ndani ya mbegu bila kuonekana.

Zangu huzivuna Januari. Naacha maua matano yaliyo bora yakauke yakiwa bado kwenye shina hadi yawe ya kahawia na kulia kama kayamba nikiyatikisa, nayaanika kwenye ungo kivulini kwa wiki moja, kisha naziweka mbegu kwenye bahasha ya kaki. Juu yake naandika rangi, mwezi niliozivuna, na tarehe ya kusia tena: Septemba 15.