Mjasiriamali naye ana kiti maktabani

WATU wengi wanaofanya biashara ndogo kati ya Makamba na Kigoma wakisikia neno maktaba humfikiria mwanafunzi anayejiandaa na mtihani. Mtu mzima mwenye gunia la ndagala au dumu la mawese haoni linalomhusu humo. Mimi ni mwalimu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwashawishi wazazi wa wanafunzi wangu, wengi wao waliorejea kutoka Tanzania kama mimi, wabadili mawazo hayo. Wapo walionisikiliza. Wapo pia wanaonijibu kwamba vitabu havinunui chumvi.

Hao wa chumvi huwa nawaeleza habari ya sabuni.

Ukanda wa Rumonge na Nyanza-Lac ni nchi ya michikichi, kama ulivyo mkoa wa Kigoma ng'ambo ya mpaka. Familia nyingi zilizokimbia mwaka 1972 zilirudi na kukuta mashamba yao yana watu wengine, na kesi za ardhi zikachukua miaka. Mtu asiye na shamba la kutosha, asiye na cheti kinachokubalika ofisini, hana budi kujiajiri. Sabuni ya mche huwavutia wengi kwa kuwa mawese yapo jirani na kostiki soda inauzwa sokoni. Tatizo ni vipimo. Wengi wamejifunza kwa kumtazama mwenzao akimimina kikombe hiki na kikombe kile.

Mama mmoja ninayemfahamu alianza hivyo. Mara sabuni yake ikatoka laini, ina mafuta, haitoi povu. Akaongeza kostiki. Safari iliyofuata wateja wakarudisha miche wakionyesha mikono iliyobabuka. Mtaji wote uliingia humo, na baadhi ya fedha zilikuwa za kikundi. Akaniuliza, "Mwalimu, mawese ndiyo mabaya au ni mkono wangu?"

Si mawese, wala si mkono. Kila aina ya mafuta ina kiasi chake cha kostiki, na kiasi hicho kilishapimwa zamani na kuwekwa kwenye majedwali ya vitabu vya sabuni. Kilo moja ya mawese inahitaji takriban gramu 141 za kostiki soda ili yote igeuke sabuni. Kilo moja ya mafuta ya mise, yale yanayotoka kwenye kokwa la mchikichi, inahitaji takriban gramu 176. Watengenezaji hupunguza kidogo, kama asilimia 5, ili kostiki isibaki ikamchoma mtu. Sasa mtu akiambiwa kwamba mise huongeza povu, ambayo ni kweli, akachanganya gramu 800 za mawese na 200 za mise, hesabu yake si 141 tena bali ni 148, na akiondoa ile asilimia 5 anapata kama gramu 140. Hesabu hii anaiweza mtoto wa darasa la sita. Lakini bila jedwali hata profesa atabahatisha.

Vitabu hivyo vina mengine ambayo mjini hulipiwa kwenye semina. Kostiki hutiwa ndani ya maji, kamwe maji hayamiminwi juu ya kostiki, kwani huchemka na kuruka usoni. Sufuria ya alumini haifai hata kidogo, kostiki huila. Tumia ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Kostiki iliyoachwa wazi hunyonya unyevu wa hewa, hivyo gramu 140 za mfuko wa zamani hazina nguvu ya gramu 140 za mfuko mpya. Na sabuni iliyokatwa leo isiuzwe leo, iachwe ikauke kama wiki 4. Mama yule alichohitaji kununua ni mzani wa gramu na glavu. Maarifa yenyewe aliyapata bure, kwenye kurasa mbili alizozinakili kwa kalamu.

Nije kwa wenzetu wa mpakani. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007, na ikaanza kutekeleza Umoja wa Forodha Julai 2009. Miaka hiyo yote imepita, lakini bado nakutana na wafanyabiashara wanaovusha mizigo midogo usiku kupitia njia za porini kwa kuamini kwamba mchana watatozwa wasichokuwa nacho. Utaratibu upo wa mfanyabiashara mdogo: cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Kama mzigo umezalishwa ndani ya nchi za Jumuiya, umo katika orodha iliyokubaliwa, na thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, cheti hicho hujazwa mpakani na mzigo hauingii katika ushuru wa forodha. Hakimwondolei mtu ukaguzi wa afya ya mimea na vyakula, wala kodi nyingine za ndani. Vitenge vilivyotoka China na kupita Dar es Salaam haviwi bidhaa ya Jumuiya kwa kupita tu.

Mwenye njaa ya taarifa hizi huzinunua kwa watu wanaojiita mawakala, na bei hupanda kadiri ujinga wa mnunuzi unavyoonekana usoni. Wakati maneno yenyewe yameandikwa katika nyaraka za Jumuiya, ambazo maktaba yoyote yenye intaneti inaweza kuzichapisha na kuziweka mezani. Mfanyabiashara aliyekwisha kuisoma orodha huongea na ofisa wa forodha kwa sauti tofauti. Nimeyaona hayo kwa macho yangu.

Hapa ndipo penye uchungu wetu sisi tuliorejea. Nilisoma Mishamo, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1978, na shule yetu ya msingi ilikuwa ya Kitanzania: hesabu kwa Kiswahili, sayansi kwa Kiswahili, maarifa ya jamii kwa Kiswahili. Mtu aliyemaliza darasa la saba kule anaweza kusoma gazeti zima na kuandika barua nzuri. Alipofika hapa nyumbani, mbele ya dirisha la ofisi, akapewa fomu ya Kifaransa na kuhesabiwa kuwa hajui kusoma. Nimewaona watu wazima wakiweka dole gumba kwenye karatasi ilhali wana mwandiko kuliko karani.

Vituo vya kusoma ambavyo watu wanavijua kwa jina la CLAC vilianzishwa na jumuiya ya nchi zinazotumia Kifaransa kuanzia miaka ya 1980, na ni jambo la kawaida kwamba vitabu vyake ni vya Kifaransa. Sina ugomvi na Kifaransa. Ila tangu mageuzi ya mwaka 2005 Kiswahili kinafundishwa katika shule zetu za msingi, na mzazi aliyerejea ndiye angekuwa msomaji wa kwanza wa rafu ya Kiswahili kama ingekuwapo. Vitabu vya ufugaji wa kuku, vya hesabu za duka, vya nyuki, vimejaa Tanzania. Komine ikitenga fedha kidogo, gari la mizigo linalotoka Kigoma kupitia Manyovu litavileta bila shida.

Wakati tukisubiri rafu hiyo, anayekwenda Kigoma kwa biashara na apite maktaba ya mkoa. Tanzania ina mtandao wa maktaba za mikoa chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, na masharti ya kusoma humo ndani na ya kuazima huulizwa mezani pale mlangoni. Usiulize "vitabu vya biashara", kwani mhudumu atakuonyesha ukuta mzima. Uliza kitu chenyewe: vipimo vya sabuni, magonjwa ya kuku, namna ya kuandika daftari la mauzo. Maktaba nyingi hupanga vitabu kwa namba za Dewey, ambazo hazijali lugha wala mpaka: sabuni iko kwenye 668, uhasibu 657, mifugo 636, kilimo kwa jumla 630. Ziandike nyuma ya daftari lako la madeni. Nenda na kalamu, na kama kitabu ni cha Kiingereza au Kifaransa, nenda na mwanao wa sekondari akusomee, wewe uandike kwa Kiswahili.