Krimu ya kung'arisha uso na mtoto aliye tumboni

Mwanamke mmoja mwenye mimba ya miezi saba alikuja kuniona katika kliniki yangu mjini Kericho. Miguu ilikuwa imevimba, na mkojo wake ulikuwa na protini nyingi. Daktari akiona mambo hayo mawili kwa mjamzito, hufikiria kwanza ule ugonjwa wa shinikizo la damu unaoletwa na mimba. Lakini shinikizo lake lilikuwa la kawaida. Ndipo nilipomtazama vizuri, nikaona uso umekuwa mweupe kuliko shingo na mikono.

"Mama, unapaka nini?" nikamwuliza.

Akafungua mkoba, akanitolea mkebe mdogo wa krimu usio na jina la kiwanda. Aliununua sokoni mwezi wa Oktoba, wakati wa bonasi ya majani chai. Msomaji wa Kericho, Litein au Bomet anajua jinsi wachuuzi wanavyofurika masokoni siku hizo. Mkojo tuliopeleka Nairobi kupimwa ulikutwa na zebaki.

Zebaki ni ule umajimaji wa rangi ya fedha uliomo ndani ya kipimajoto cha zamani. Chumvi zake huizuia ngozi isitengeneze rangi yake, na ndiyo sababu hutiwa katika baadhi ya krimu na sabuni za kujichubua. Hazibaki juu ya ngozi tu. Hupenya hadi kwenye damu na kujikusanya katika figo, ambazo huanza kuvuja protini. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika habari za wagonjwa 60, watu wazima waliovimba mwili kwa ugonjwa huo wa figo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakipaka krimu zenye zebaki.

Utauliza, mjamzito ana haja gani na krimu hizo? Mimba yenyewe ndiyo humsukuma. Homoni huleta madoa meusi kwenye mashavu na paji la uso, na jua la shambani huyazidisha. Mwanamke ambaye hakuwahi kujichubua maishani mwake huanza wakati ule ule asiopaswa. Laiti angejua kwamba kwa kawaida madoa hayo hufifia yenyewe miezi kadhaa baada ya kujifungua!

Na mtoto je? Zebaki ni ya namna mbalimbali. Iliyo mbaya zaidi kwa mimba ni ile inayopatikana katika samaki waliochafuliwa, kama ilivyotokea Minamata, Japani, ambako ugonjwa uligunduliwa mwaka 1956. Kina mama walioonekana wazima, au wenye dalili kidogo tu, walizaa watoto wenye ubongo ulioharibika. Zebaki ya krimu haivuki kondo la nyuma kwa wepesi kama hiyo, lakini sehemu yake huvuka. Mwaka 1987 madaktari wa Ubelgiji waliripoti juu ya kichanga chenye ugonjwa wa mtoto wa jicho, ambacho mama yake alitumia sabuni ya zebaki wakati wa mimba. Basi usitazamie kilema cha mkono au mguu. Mtoto anaweza kuzaliwa akionekana mzima, kisha akachelewa kukaa, kutembea au kusema.

Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki mwaka 1998, lakini bado vinauzwa. (Kwa miaka mingi viwanda vya Ulaya vilitengeneza sabuni hizo na kutuletea sisi, hali kwao haziruhusiwi dukani.) Soma maandishi ya mkebe. Ukiona "mercury", "mercuric", "mercurous", "calomel" au herufi Hg, uache. Ukiambiwa uvue pete na mkufu kabla ya kupaka, shuku, kwani zebaki huharibu dhahabu na fedha. Na kama hakuna maandishi yoyote, shuku zaidi.

Samaki usiwaogope. Mjamzito anawahitaji, na omena ni chakula kizuri sana. Zebaki hujikusanya zaidi katika samaki wakubwa wanaokula wenzao, kama papa.

Ikiwa umekuwa ukipaka, acha leo, na umwambie daktari au mkunga bila haya, kwa maana asipojua atatibu ugonjwa mwingine. Omba mkojo upimwe. Kama unanyonyesha, mwulize kabla ya kuamua lolote juu ya maziwa. Taulo na foronya ulizotumia zifuliwe kando, maana watoto wa nyumbani hupata zebaki kwa kuzigusa.

Mgonjwa wangu aliacha krimu, na uvimbe ukapungua taratibu. Alijifungua salama, na mtoto bado namwona kila baada ya miezi mitatu, macho na figo zikaguliwe. Mkebe usiutupe motoni, kwa sababu moshi wake una mvuke wa zebaki. Ufunge ndani ya mfuko wa plastiki, uulete kliniki.