Suluhu Baada ya Hukumu: Cheki Zilizokataliwa Nchini India (Sehemu ya Tatu)

Uamuzi wa Mahakama ya Juu ya India uliotolewa tarehe 25 Septemba 2025, katika shauri lililotoka Goa, umepunguza gharama anazotozwa mtoaji wa cheki iliyokataliwa benki pale anapochelewa kupatana na mdai wake. Umeifufua pia hoja ambayo mfululizo huu uliigusa kwa mbali tu, nayo ni kwamba mtu aliyekwisha kutiwa hatiani na mahakama ya jinai anaweza bado kuondolewa hatia yake kwa kulipa deni na kuridhiana na aliyemkosea. Msomaji aliyefuatana na sehemu mbili zilizotangulia anakifahamu kifungu cha 138 cha Sheria ya Hati za Fedha ya mwaka 1881, ilani ya madai na siku 15 za kulipa zinazofuata, pamoja na adhabu ya kifungo kisichozidi miaka miwili au faini isiyozidi mara mbili ya thamani ya cheki, kwa hiyo mambo hayo hayatarudiwa hapa.

Linalohitaji kuelezwa ni kifungu cha 147, kilichoongezwa na marekebisho ya mwaka 2002 na kuanza kutumika tarehe 6 Februari 2003, ambacho kinatamka kwamba kila kosa lililo chini ya sheria hiyo linaweza kumalizwa kwa maafikiano, hata kama sheria ya mwenendo wa jinai inasema vinginevyo. Kumaliza kosa kwa maafikiano maana yake ni mlalamikaji kukubali, kwa hiari yake na mbele ya mahakama, kwamba haki yake imetimizwa na hataki tena mashtaka yaendelee, na matokeo ya makubaliano hayo kisheria ni kuachiliwa huru kwa mshtakiwa. Ikiwa hukumu imekwisha kutolewa, suluhu hupelekwa katika mahakama inayosikiliza rufaa au mapitio, nayo ikiridhika hutengua hatia pamoja na adhabu yake. Wako wanaoshangazwa na utaratibu huu, kwa kuwa wamezoea kuamini kwamba kosa la jinai ni mali ya dola wala si ya mtu binafsi. Lakini kosa la cheki lilizaliwa katika deni, likapewa meno ya jinai kuanzia tarehe 1 Aprili 1989 ili wafanyabiashara waziamini cheki, na mara deni linapolipwa kwa ridhaa ya mdai, sehemu kubwa ya sababu ya kumfunga mdeni huwa imekwisha kutoweka.

Fikra hiyo ina mizizi mirefu kuliko bunge lolote la India, na asiyeijua historia ya hundi za kale hawezi kuuelewa vizuri moyo wa kifungu cha 147. Karne nyingi kabla ya benki za Kizungu, wafanyabiashara wa Gujarat, Rajasthan na miji ya bonde la Ganga walipelekeana fedha kwa vipande vya karatasi vilivyoandikwa kwa mkono, ambavyo mfanyabiashara wa mji mmoja aliviandika akimwagiza mwenzake wa mji mwingine alipe kiasi fulani kwa mletaji. Hundi ya darshani ililipwa mara ilipoonyeshwa, ya muddati ililipwa baada ya muda uliotajwa kupita, na ya shah-jogi ililipwa kwa mfanyabiashara anayejulikana na kuheshimika sokoni peke yake, ili iliyoibwa iweze kufuatiliwa hadi kwa mkono ulioipokea. Ilikuwapo pia hundi ya jokhmi, ambayo haikulipwa mpaka shehena iliyotajwa ndani yake ifike salama, hivyo karatasi moja ikabeba mkopo, malipo na bima kwa pamoja. Hundi iliyopotea iliandikiwa nakala ya pili, iliyoitwa peth, na hiyo nayo ikipotea iliandikiwa ya tatu, iliyoitwa parpeth; iliyokwisha kulipwa iliitwa khokha na kuhifadhiwa kama ushahidi.

Lakini ufundi uliostahili kusifiwa kuliko yote ni ule wa zikri, yaani barua iliyofuatana na hundi ikielekezwa kwa mfanyabiashara mwingine katika mji wa malipo, ikimwomba ailipe yeye endapo aliyeagizwa kwanza angekataa. Maana yake ni kwamba mtoaji wa hundi aliifikiria aibu ya kukataliwa kabla haijatokea, akamtafuta mapema mtu wa kuizuia, kwa sababu alijua kwamba jina la nyumba ya biashara likishapotea sokoni halinunuliki tena kwa fedha. Waandishi wa sheria ya 1881, ambayo rasimu yake ya kwanza ilianza kutungwa mwaka 1866 na ikapingwa kwanza na wafanyabiashara wenyewe, waliziachia hundi zilizoandikwa kwa lugha za wenyeji ziendelee kuongozwa na desturi za mahali. Nao pia waliingiza, kuanzia kifungu cha 113, kanuni za malipo kwa ajili ya heshima, zinazomruhusu mtu yeyote kulipa hati ya malipo iliyokataliwa rasmi ili kuokoa heshima ya aliyetia saini. Kanuni hizo zimesahauliwa mno na wanasheria wa leo, jambo la kusikitisha, kwani hazihitaji hakimu wala jela, na zinamfikia mdai siku chache tu baada ya hasara yake.

Desturi hiyo ilivuka bahari. Wafanyabiashara wa Kutch waliotia nanga Zanzibar, wakiwemo wa nyumba ya Jairam Shivji iliyokodi forodha ya Sultani kwa miaka mingi ya karne ya 19, walipelekeana fedha na Bombay kwa hundi, na mashauri ya raia wa Uingereza yaliyoamuliwa katika mahakama ya kibalozi kisiwani humo yaliweza kukatiwa rufaa katika Mahakama Kuu ya Bombay. Biashara ya karafuu na pembe za ndovu, kwa kiasi kikubwa, ilisimama juu ya saini za watu waliojua kwamba habari ya hundi iliyokataliwa ingewafuata kila bandari.

Mahakama za sasa za India zimejaribu kurudisha haraka ya malipo ya enzi za hundi kwa njia ya gharama. Tarehe 3 Mei 2010, kufuatia mapendekezo ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali Goolam Vahanvati, Mahakama ya Juu iliweka ngazi: anayepatana katika vikao viwili vya mwanzo hatozwi kitu, akichelewa lakini shauri likawa bado kwa hakimu, atoe asilimia 10 ya thamani ya cheki kwa mamlaka ya msaada wa kisheria, akifikia mahakama ya rufaa ya wilaya au Mahakama Kuu, asilimia 15, na akifika Mahakama ya Juu, asilimia 20. Uamuzi wa 2025 umeshusha viwango hivyo, kwa maelezo kwamba riba zimeshuka na kwamba mashauri yaliyorundikana bado ni mengi, zaidi ya 600,000 katika mahakama za Delhi peke yake. Sasa mshtakiwa anayelipa kabla ushahidi wake wa utetezi haujaandikwa hatozwi gharama. Baada ya hapo lakini kabla ya hukumu hutoa asilimia 5, katika rufaa au mapitio 7.5, na katika Mahakama ya Juu 10.

Nia ya mahakama ni njema, ila hesabu yake inatia shaka. Mdeni aliyekuwa na uwezo wa kulipa tangu siku ya ilani, akamzungusha mdai wake kwa miaka kadhaa ya vikao vilivyoahirishwa, sasa analipia ucheleweshaji huo nusu ya bei ya zamani, na tena malipo hayo hayamwendei muuza nguo au mkandarasi aliyekopa penginepo ili afidie pengo, bali yanaingia katika mfuko wa umma. Ni haki kumsamehe aliyefilisika kwa bahati mbaya. Ni dhuluma kumfanya mwenye ujanja aone kwamba kusubiri kuna faida. Kama gharama zitashushwa, basi angalau zielekezwe kwa aliyeumizwa, na mahakama ziulize mwanzoni kabisa kama yupo ndugu, mshirika au chama cha wafanyabiashara kilicho tayari kulipa kwa ajili ya heshima ya mshtakiwa, kama sheria ya 1881 ilivyoruhusu kwa hati za malipo.

Yapo mambo mawili ya kuzingatiwa na kila anayetaka kupatana baada ya hukumu. La kwanza ni ridhaa: Mahakama ya Juu ilisisitiza mwaka 2012 kwamba maafikiano chini ya kifungu cha 147 hayawezi kufanyika bila mlalamikaji kukubali, kwa hiyo mwenye hatia hawezi kuweka fedha mezani na kudai aachiliwe. Ridhaa ikipatikana, hata hivyo, nguvu yake ni kubwa. Agosti 2025 mahakama hiyo hiyo iliondoa hatia ya mtu ambaye maombi yake ya mapitio yalikuwa yamekwisha kukataliwa na Mahakama Kuu kabla pande mbili hazijapatana, ingawa Mahakama Kuu ilikuwa imekataa kuigusa tena hukumu yake.

La pili ni suluhu inayovunjika. Mara nyingi mdeni hutoa cheki mpya za awamu badala ya fedha taslimu, na cheki hizo nazo hukataliwa. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mkataba wa suluhu ukishafungwa humeza malalamiko ya awali, na kushindwa kuutimiza huzaa madai mapya, hivyo mdai hawezi kuendesha mashtaka ya cheki za kwanza na za pili sambamba kwa deni moja. Anayepatana anapaswa kudai fedha zilipwe kwanza, au suluhu iandikwe katika kumbukumbu za mahakama pamoja na tarehe za kila awamu. Sehemu ya nne itashughulikia amana ya angalau asilimia 20 ya faini au fidia, ambayo mkata rufaa anaweza kuamriwa kuiweka chini ya kifungu cha 148.