Je, Mzee Aweza Kujifunza?

Wengi wetu huamini kwamba akili hufunzwa utotoni tu, na kwamba mtu akishaota mvi hawezi kushika jambo jipya. Tena tunayo methali ya kutuunga mkono: samaki mkunje angali mbichi. Lakini wahenga walituachia na nyingine: ng'ombe hazeeki maini. Nataka kueleza kwa ufupi kwa nini methali hii ya pili ina ukweli.

Ubongo una seli nyingi mno zinazopelekeana habari. Njia za habari hizo ni kama njia za miguu katika mashamba ya kahawa kule Mbozi: ikipitwa kila siku hukanyagika ikawa pana, ikiachwa huota majani. Zamani ilidhaniwa kuwa kwa mtu mzima njia hizo hazibadiliki tena. Sasa wataalamu wamejua ya kuwa hubadilika maisha yote. Ni kweli kwamba mzee hujifunza polepole kuliko kijana, naye huhitaji kurudiarudia. Lakini polepole si sawa na kutoweza.

Huko Marekani wazee 2,832 wenye miaka 65 na zaidi waligawanywa makundi manne. La kwanza lilifundishwa mbinu za kukumbuka, la pili kufikiri kwa taratibu, la tatu kutambua vitu upesi kwa macho. La nne halikufundishwa kitu. Vipindi vilikuwa 10 tu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2002: kila kundi liliendelea katika jambo lile lililofundishwa, si katika mengine. Baada ya miaka 10 faida ya kundi la pili na la tatu ilikuwa ingali ikionekana. Basi yafaa mzee afundishwe jambo lenyewe analolihitaji.

Nchi yetu ilikwisha kufanya hivyo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Vitabu vya kisomo vilieleza kilimo, uvuvi na ufugaji, yaani kazi za wasomaji wenyewe. Mwaka 1967 karibu watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma. Kufikia mwaka 1986, kwa hesabu za Serikali, tisa katika kila kumi walijua. Na huko Kenya, mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84.

Sasa tutazame hapa Tunduma. Mzee muuza mchele hugeuza kwacha kuwa shilingi kichwani, bila kalamu. Lakini akiletewa fedha kwa simu, humpa kijana asiyemjua simu hiyo pamoja na namba ya siri. Kijana akiwa mwizi, fedha za mbolea zimekwenda! Sababu si uzee. Sisi wajukuu tukiombwa msaada huinyakua simu, tukabonyeza upesi, tukairudisha. Kidole kilichofanya kazi ni chetu, na aliyejifunza ni sisi.

Njia iliyo bora ni hii. Simu ibaki mkononi mwa mzee, abonyeze mwenyewe. Afundishwe hatua moja tu kwa siku. Kesho airudie kabla ya kuongezewa nyingine, na baada ya juma moja aulizwe tena. Akikosea asichekwe, maana anayeona haya huacha kuuliza.

Hata hivyo, mafunzo si dawa ya kila kitu. Mzee anayepotea njia ya kwake, au anayesahau majina ya wanawe, huenda ni mgonjwa. Huyo apelekwe hospitali mapema, wala asisingiziwe uchawi.

Wenzangu, likizo i karibu. Kila mmoja wetu ana bibi au babu nyumbani, au jirani aliye mzee. Tumfundishe kutazama salio lake na kubadili namba yake ya siri, hata asiwe na haja ya kumpa mtu mwingine simu yake.